Ng'ombe wa Sebuleni kwa Ma Agnetha

Kabla hujanicheka, elewa kwanza kwamba yule ng'ombe nilimweka kwa ajili ya Bi Yasmin. Ma Agnetha hakuwa kwenye mpango kabisa.

Bi Yasmin ana ofisi ya kuchora ramani za nyumba, Kitendaguro, hapa Bukoba, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Ana miaka hamsini na nane. Alijifunza kazi kwenye ubao, na rula ndefu na kalamu ya wino, na mpaka leo ukimpa penseli anapiga mstari ulionyooka kuliko kuta nyingi za hapa mjini. Mimi ni Audax. Nilisoma usanifu majengo miaka mitatu kati ya mitano. Ile miwili iliyobaki iko hukohuko Dar, sijaenda kuichukua. Nyumbani niliwaambia niko likizo, na likizo sasa ina miaka sita, baba ameacha hata kuuliza.

Nilipoenda kuomba kazi, Bi Yasmin hakutaka cheti. Alinisogezea karatasi akasema, "Nichoree choo."

Nikachora choo.

"Haya. Mlango unafungukia wapi?"

Nikaangalia. Mlango wangu ungemgonga magoti mtu aliyekaa.

"Kesho uje saa mbili," akasema. Basi. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa ule mlango.

Sasa, miaka yote hiyo tulikuwa tunachorea programu ya wizi. Tuliwekewa na kijana mmoja mwenye flashi, akaondoka, hatukumwona tena. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila kila ukiifungua inaleta alama nyekundu pembeni, kukukumbusha kwamba wewe ni mwizi. Jumatatu moja ikagoma kuprinti, mteja amesimama mlangoni na mwavuli wake.

"Nimechoka," Bi Yasmin akasema mteja alipoondoka. "Nikiinama kuswali naiona ile alama nyekundu. Audax, tafuta programu moja ya halali. Moja tu. Nitainunua, na tutazeeka nayo, kwa hiyo usinichagulie kama unachagua ringtoni."

Programu hizi zina siku thelathini za kujaribu bure. Nikapakua tatu, nikazipa majina.

Ya kwanza niliiita Mkongwe. Hiyo ni ndugu halali wa ile ya wizi: mistari tu, nyeupe juu ya nyeusi, mafundi wote wanaijua. Ya pili, Bwana Mkubwa. Inafanya kila kitu, mpaka kukuhesabia tofali. Lakini bila intaneti haikutambui, na laptop yetu ilipoifungua ilipata moto mpaka ungeweza kukaangia senene juu yake. Ya tatu niliiita Mwepesi. Ukichora ukuta, ukuta unasimama. Ukibonyeza mishale unaingia ndani ya nyumba, unatembea, unachungulia dirishani. Haihitaji mtandao. Shida yake ni kwamba vyombo vyake vyote ni vya Ulaya: mahali pa kuota moto, viatu vya theluji, na mama wa kizungu anayesukuma mtoto kwenye kigari. Halafu karatasi inayotoka mwanzoni ilikuwa mbaya, namba zimerundikana kama watu kwenye foleni ya sukari.

"Zijaribu kwa nyumba moja," Bi Yasmin akasema. "Nyumba ya kweli, siyo ya mchezo. Jaribu kwa Ma Agnetha."

Ma Agnetha ni mjane wa Ijumbi, kule Muleba. Mume wake, mzee Projestus, alifariki miaka minne iliyopita, na kama ilivyo kwetu, amelala hapohapo kibanjani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nyumba yenyewe ilikuwa inavuja kila chumba. Watoto wakakubaliana wamjengee mama yao mpya palepale, na aliyeshika usukani ni binti yake, Annastella, nesi wa Mwanza. Fundi alishapatikana, Clavery, na msingi ulikuwa unachimbwa Jumatatu inayofuata. Mimi kiwanja nilishakwenda kukipima mapema, migomba, mibuni, kaburi na yote.

Jumanne nikaenda Ijumbi na karatasi tatu za Mkongwe. Safi, zimekunjwa vizuri. Ma Agnetha akanikaribisha, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, tukatafuna, tukaulizana habari za kwetu na za kwao, za mvua na za wagonjwa. Ndipo akaweka karatasi ya kwanza mapajani, akaipapasa pembeni kama mtu anayepima kitambaa.

"Imependeza, waitu," akasema, kwa neno letu la Kihaya la heshima.

Ya pili. "Hii nayo imependeza."

Ya tatu. "Imependeza sana, mwanangu. Wakola, wakola, asante. Unywe chai kwanza."

Nikarudi Bukoba kifua mbele. Bi Yasmin alikuwa anachambua maharage ofisini.

"Amesemaje?"

"Imependeza."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akaacha maharage. "Ameuliza chochote?"

"Hapana."

"Hakuuliza dirisha? Hakuuliza jiko? Mwanamke anajengewa nyumba ya kuzeekea, hajauliza jiko liko wapi?"

"Bi Yasmin, ameridhika tu."

"Hakuelewa kitu, Audax. Au ameelewa na haipendi. Umemkuta kwake, umetafuna kahawa yake, umetoka Bukoba kwenye mvua kwa ajili yake. Unataka akwambie kazi yako mbaya? Wewe si Mhaya?"

Ni kweli, mimi ni Mhaya. Mimi nilishakula ndizi za shangazi zilizotiwa chumvi mara mbili, nikasifu, akaniongeza sahani, nikala tena. Mpaka leo shangazi akisikia nakuja anaongeza chumvi. Halafu nimekwenda kwa mama wa watu na karatasi, nimesikia "imependeza", nikaamini.

"Jumatatu Clavery anachimba," Bi Yasmin akasema polepole. "Zege likishamwagwa halibembelezwi. Yule mama ataishi ndani ya hilo neno mpaka siku yake ya mwisho. Mpelekee kitu anachoweza kukigombeza."

Ikabaki Mwepesi. Bwana Mkubwa tulishamwondoa, kwa sababu kule Ijumbi mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, na sikuwa tayari kumpandisha Ma Agnetha kichuguu.

Jumatano na Alhamisi nikainyanyua nyumba yake. Kuta, bati, migomba, na kaburi la mzee Projestus mahali pake, na msalaba wake. Na kwa kuwa mimi nikifanya kazi saa sita mfululizo bila utani napata homa, Alhamisi usiku, Bi Yasmin akiwa ameshaniacha peke yangu ofisini, nikaanza kuchezea vile vyombo vya Ulaya. Kulikuwa na ng'ombe. Mweusi kwa mweupe, mnene, wa maziwa. Nikamvuta pembe mpaka zikawa ndefu kama za ng'ombe wetu wa Karagwe, nikamsimamisha sebuleni katikati, anaangalia televisheni. Nilijua Bi Yasmin ataifungua Ijumaa asubuhi kukagua, nimsikie akipiga kelele kutoka chumba cha pili. Nilishawahi kumchorea jirani yake bwawa la kuogelea juu ya paa, alinifukuza na rula.

Ijumaa umeme ukakatika toka alfajiri. Bi Yasmin akasema tusiifungue laptop, chaji ibaki ya Ijumbi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasahau.

Jumamosi tukaondoka na gari lake. Bi Yasmin anaendesha kama anabeba mayai, tulipitwa hadi na baiskeli yenye mikungu mitatu. Kwa Ma Agnetha tulimkuta Annastella ameshafika kutoka Mwanza, na fundi Clavery amekaa mlangoni, tepu imening'inia mkandani, kofia ya kuhudhuria misa kichwani.

"Injinia!" Clavery akaniita. Ananiita hivyo kwa sababu anajua mimi siyo.

Kahawa ikazunguka. Ikatafunwa. Habari zikaulizwa mpaka zikaisha. Nikaweka laptop juu ya stuli mbele ya Ma Agnetha, wote wakasogea, nikabonyeza, tukaingia mlango wa mbele, sebuleni.

Ng'ombe akatuangalia.

Annastella akashika mdomo. Bi Yasmin aligeuza shingo taratibu kunitazama, na lile jicho ningeweza kulichora hata leo, kwa kipimo. Nikaanza kutafuta maneno, "Samahani sana waitu, hii ni, kwa kweli hii ni..."

Ma Agnetha akasogeza uso karibu na kioo. Mabega yakaanza kutikisika. Kisha akacheka, siyo kicheko cha adabu, kicheko cha mtu mwenye kwake, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Audax!"

"Naam, mama."

"Huyu ng'ombe ameingilia wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Mlango gani? Huu? Huu mwembamba hivi, na pembe zile?" Akamgeukia Clavery. "Fundi, pembe zinapita hapo?"

"Hazipiti, mama," Clavery akasema kwa heshima kabisa. "Labda aingie kwa upande."

"Basi tumtafutie mlango mwingine. Tembeza. Huko nyuma kuna nini?"

Nikabonyeza mshale. Tukapita korido nyembamba, tukageuka kona, tukageuka kona nyingine, tukafika chumba chake cha kulala.

"Hiki changu? Fungua dirisha."

"Dirisha liko upande huu, mama, linaangalia barabara."

"Barabara naijua. Upande wa pili je?"

Upande wa pili kulikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta, bafu na choo, na vidirisha vidogo juu kabisa kama vya stoo. Nyuma ya choo, shimo la maji machafu. Nyuma ya shimo, msalaba.

Ma Agnetha alikuwa ameacha kucheka.

"Projestus umemweka nyuma ya choo," akasema.

Lile umbo la nyumba nililitoa kwenye ramani za Dar nilizokuwa nazo tangu chuo. Dar nyuma ya nyumba ni ukuta wa jirani, unaweka choo, unamaliza. Kwenye karatasi ya Mkongwe kaburi lilikuwa kiboksi kidogo chenye mistari ya mshazari, kama banda la kuku. Nililichora mwenyewe, na sikuliona.

"Kila asubuhi nikiamka nafungua dirisha namsalimia," Ma Agnetha akasema. Alikuwa anaongea na kioo, siyo na sisi. "Namwambia mvua imenyesha au haijanyesha. Nikaona kwenye ile karatasi sielewi. Nikasema, hawa ni wasomi, watakuwa wamemwona."

"Mama, mbona hukusema?" Annastella akauliza, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Jumanne nimekupigia, umesema imependeza!"

"Kijana kaja na mvua, wewe. Ningemwambiaje?"

"Na Jumatatu tungechimba!"

"Mngechimba, ningekaa." Akarudi kwenye laptop, na sasa kidole kilikuwa kinagusa kioo kabisa. "Lakini kama ng'ombe anaweza kuwekwa sebuleni, na choo kinaweza kutolewa. Toa."

"Sasa hivi, mama?"

"Unangoja nini? Toa!"

Nikakivuta choo chote, na bafu lake, nikakipeleka upande wa barabara. Ukuta ukabaki wazi. Nikaweka dirisha pana. Nikalishusha mpaka akasema, "Hapo. Nikiwa nimekaa kitandani nione." Shimo tukalihamishia chini karibu na barabara. Laptop ikaonyesha chaji asilimia thelathini na moja.

"Sasa hii korido," akasema. "Hizi kona mbili ni za nini?"

"Ni za, zinatenganisha vyumba na sebule, mama. Faragha."

"Clavery. Wewe umebeba majeneza mangapi?"

Clavery akavua kofia. "Mengi, mama."

"Jeneza linapita kona hizo?"

"Linasimamishwa wima, mama. Ndiyo linapita."

"Umesikia, Audax? Mtanisimamisha wima, na mimi maisha yangu yote sijawahi kulala nimesimama. Au mtanitolea mlango wa mbele, mnizungushe barabarani kama mgeni, ndiyo nifike kwa mume wangu aliye hatua ishirini."

"Mama!" Annastella akalia.

"Nini? Mnanijengea nyumba ya kuzeekea, nikishazeeka ni nini kinafuata, harusi?"

Bi Yasmin ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Clavery, na mwisho Annastella mwenyewe, kilio na kicheko pamoja. Mimi nilikuwa nabonyeza. Nikafuta kona. Nikafungua sebule moja kwa moja mpaka nyuma, nikaweka mlango wa vipande viwili, mpana, na baraza, na ngazi mbili za chini zinazoshuka taratibu kuelekea kwenye migomba. Ukisimama mlango wa mbele unaona moja kwa moja mpaka msalabani.

"Tembeza," Ma Agnetha akasema.

Nikatembeza. Tukatoka sebuleni, tukapita baraza, tukashuka ngazi, tukafika. Nikaachia mshale, tukasimama mbele ya kaburi. Chaji asilimia tisa. Ma Agnetha akasogeza kidole akakiweka juu ya msalaba.

"Sasa mtoe na ng'ombe huko sebuleni, apumzike," akasema.

Clavery akakohoa. "Ng'ombe mimi sijengi. Nipeni namba za vipimo."

Hapo nikaogopa tena, maana karatasi za Mwepesi unazijua. Lakini zile siku mbili Bi Yasmin alikuwa amekaa pembeni yangu akinifundisha kama kwenye ubao: namba hii itoke nje, hii ipande, mstari wa ukuta uwe mnene, wa samani mwembamba, andika vipimo vyote kwa sababu fundi atapima karatasi kwa rula na printa inadanganya. Jumapili, umeme uliporudi, tukaprinti. Jumatatu saa moja asubuhi Clavery alikuwa na karatasi moja mkononi, akaikagua juu chini, akatafuta kosa, hakulipata, akaniambia, "Injinia," na safari hii sikusikia utani ndani yake, au nilitaka nisiusikie.

Lakini nimeruka. Jumamosi ile, tukirudi, tulikuwa hatujafika hata Muleba mjini Bi Yasmin akaniuliza, "Kwa hiyo, umechagua?"

"Mwepesi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ma Agnetha ametugombeza."

Akaendesha kidogo. Pikipiki tatu zikatupita.

"Kuhusu yule ng'ombe," akasema.

"Nimeshamtoa. Naapa. Bi Yasmin, nisamehe, nilikuwa nimekulenga wewe tu."

"Nani amekwambia umtoe? Mrudishe. Mteja yeyote akija mara ya kwanza, namtaka ng'ombe sebuleni. Mtu akishacheka kazi yako, haogopi tena kuisema vibaya." Halafu, macho yakiwa barabarani, akaongeza, "Chuo wangekufundisha nini zaidi, sijui."

Nikageukia dirisha langu, nikajifanya naangalia mashamba ya watu. Nilikuwa sijasikia mtu akisema neno chuo mbele yangu bila kuniumiza, miaka sita.

Programu ikanunuliwa wiki ile. Ya halali, yenye jina la ofisi juu yake. Bi Yasmin aliifungua, akatafuta alama nyekundu pembeni, hakuiona, akasema alhamdulillah, akaenda kumalizia maharage.

Nyumba ilimalizika baada ya miezi minane. Tukaalikwa kwenye misa ya kuibariki, mchana, na baadaye ndizi na samaki na rubisi kwa wanaokunywa. Wageni wote walikuwa wamesimama nje upande wa mbele, na mlango umefungwa. Ma Agnetha akatokea pembeni, amevaa gomesi jipya, akaniita mbele za watu.

"Audax, wewe ndiye ufungue. Umeichora wewe."

Nikapanda kwenye baraza la mbele, nikajisikia mkubwa. Nikasukuma mlango.

Ng'ombe akaniangalia.

Ng'ombe kabisa. Wa kweli, mwekundu, pembe hizi hapa, amefungwa kamba kwenye nondo ya dirisha, anatafuna majani ya mgomba katikati ya sebule mpya, na nyuma yake ule mlango mpana uko wazi, mwanga unaingia kutoka migombani. Niliruka nyuma nikamkanyaga paroko. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Clavery alikuwa ameegemea nguzo hoi, machozi yanamtoka, na nikaelewa nani aliyeshika ile kamba.

"Nimepima mlango," Ma Agnetha akasema. "Pembe zimepita, hazikugusa. Na mimi nitapita."

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, alinishika mkono akanitembeza nyumba nzima, polepole, chumba kwa chumba, kama mimi nilivyomtembeza kwenye kioo. Chumbani kwake alikaa kitandani kunionyesha. Dirisha lilikuwa sawasawa na macho yake, na kule nje msalaba, na mtu alishauwekea maua. Tukaenda jikoni.

Nilikuwa nalisubiri lile neno, "imependeza", nakiri. Nililiogopa.

Ma Agnetha akaangalia juu, akaangalia chini, akaguna.

"Hili kabati umelipandisha sana. Mimi mfupi. Na huu mlango wa stoo unagonga sufuria." Akaufungua mlango kunihakikishia. Ukagonga sufuria. "Umeona? Utakuja lini kurekebisha?"

"Jumatatu, mama," nikasema. Nilikuwa nimefurahi mno. "Wakola, mama. Wakola sana, waitu."

"Unanishukuru nini, nakugombeza mimi?"

Nikatoa kalamu ya Bi Yasmin mfukoni, nikaandika mkononi: kabati, stoo.